Ndege Iliyofungwa Kamba

Kwenye baraza moja la kahawa Vingunguti, Dar es Salaam, kuna mzee aliyeitwa Baba Rubani hata kabla mwanawe hajapata leseni. Kijana alipelekwa Afrika Kusini kusomea urubani. Haukupita mwaka na nusu, baba akatangaza kwamba mwanawe ni kapteni wa Dreamliner. Kila ndege iliponguruma juu ya mabati, alinyanyua kikombe: "Huyo anapita, anatusalimia."

Jirani yake, mwalimu mstaafu wa hesabu, si mtu wa kumeza bila kutafuna. Aliulizauliza, akarudi na namba. Leseni ya rubani wa biashara hudai takriban saa 200 za kuruka. Ya kuwa kapteni wa ndege kubwa za abiria, saa 1,500. Na Dreamliner ya kwanza ya Air Tanzania, iliyotua nchini Julai 2018, ina viti 262.

"Saa 200 kwa watu 262," alisema mwalimu. "Hata saa moja kwa kila abiria haifiki."

Baba akatoa simu. Pichani, kijana katika shati jeupe, mstari mmoja begani, ametabasamu kando ya ndege. Mwalimu alivaa miwani, akaikuza picha. Puani mwa ndege kulikuwa na pangaboi. Kutoka kwenye bawa ilishuka kamba, ikafungwa kwenye pete ardhini.

"Mzee mwenzangu, Dreamliner nayo hufungwa kama mbuzi?"

"Isiibiwe," alijibu baba.

Tumtendee haki: hakukosea sana. Cessna ya mafunzo yenye viti vinne, ikiwa tupu, haifikishi tani moja, na mwizi anayehofiwa ni upepo.

Miaka kadhaa baadaye mwalimu alifiwa Mafia. Kiwanjani walimpima kwenye mizani yeye na begi lake, kama gunia la mkaa. Ndege ndogo ndivyo zilivyo. Viti vya nyuma vikajaa, akawekwa mbele kabisa, kando ya rubani.

"Shikamoo, Mwalimu."

Ndiye.

Mwalimu hakuhangaika tena na mistari ya mabegani; alihesabu injini. Moja. Akasoma dua zote anazozijua na nyingine asizozijua, mpaka waliposhuka Kilindoni taratibu, kahawa isingemwagika.

"Na mzee?" aliuliza alipopata sauti. "Aliniambia naye anakuja kuhani."

"Tiketi nilimpa," kijana alisema, akijizuia kucheka. "Yuko Nyamisati tangu alfajiri, anasubiri boti."