Kabla Hujaagiza Pilau ya Mapokezi: Mwongozo wa Kupima Safari ya New York

Kila ukoo una mtaalamu wake wa safari. Akishashika tiketi ya mwenzake, hutangaza saa ya kufika, na basi zima la wapokezi hutii. Mwongozo huu ni wake. Mfano ni safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York, ambayo Kenya Airways iliianza Oktoba 2018.

1. Weka rula chini. Ramani ya ukutani ni bapa, dunia ni mviringo. Rula itakupitisha Mali na Moritania. Tafuta tufe la dunia, uvute uzi kutoka Nairobi: utapanda kaskazini-magharibi, ukatize Sahara mpaka Moroko, ndipo uingie Atlantiki. Huo ndio mkato wenyewe, kama kilomita 11,800.

2. Gawanya, kisha ongeza. Ndege kubwa hukata takriban kilomita 900 kwa saa. Kikokotoo kitasema saa 13. Usitangaze bado! Kuna kupaa, kushuka na kukwepa dhoruba. Tena huko juu huvuma pepo kali kutoka magharibi: ukienda zinakukabili, ukirudi zinakusukuma. Kwa hiyo kwenda huchukua karibu saa 15, kurudi karibu 14.

3. Usitoe saa za tiketi. Kila saa iliyoandikwa pale ni ya mji wake. Ukiondoka Nairobi 23:00, yaani saa 5 usiku, ukafika New York saa 1 asubuhi, mtaalamu atasema umesafiri saa 8. Ukiondoka New York saa 6 mchana ukatua Nairobi saa 3 asubuhi kesho yake, atasema 21, aanze kuomba dua. Zigeuze kwanza saa zote mbili ziwe za Nairobi, ndipo utoe.

4. Uliza ni mwezi gani. Sisi hatugusi saa zetu mwaka mzima. New York huzisogeza mbele Machi na kuzirudisha nyuma Novemba. Hivyo Nairobi huitangulia kwa saa 7 wakati wao wa joto, na saa 8 wakati wa baridi.

5. Hesabu mlango kwa mlango. Msafiri hutakiwa uwanjani saa 3 kabla. Akitua, kuna foleni ya pasipoti, kusubiri masanduku na ushuru wa forodha, kisha barabara. Zile saa 15 za angani huvuka 20 kwa urahisi.

Sasa tangaza, lakini tangaza saa ya kutoka mlangoni, si ya kutua. Kosa lako halimchoshi aliye angani. Linamchosha bibi aliyeamshwa alfajiri, akavalishwa kanga mpya na kusimamishwa kwenye kizuizi cha wapokezi. Mwache alale saa mbili zaidi. Mjukuu atamkuta ana nguvu za kumkumbatia.