Tumbo Langu Limefika Kinshasa

Huku Kasongo, Kongo, mtandao ni wa kubahatisha, lakini uvumi haukosi rezo. Yalipozuka maneno ya surua, munganga wa kituo chetu cha afya alikuwa bado anatafuta pikipiki ya kupeleka karatasi zake za ripoti. Shangazi yangu wa Kabambare alikuwa ameshapokea sauti ya WhatsApp kutoka kwa mtu asiyemjua: chanjo inakata uzazi, chemsheni majani ya kongobololo, watumieni ndugu kumi. Akachemsha. Akatuma kwa arobaini, maana ukoo wetu ni mkubwa.

“Shangazi, huyo anayesema ni nani?”

“Ni daktari, mwanangu. Humsikii anavyokohoa kabla ya kuanza?”

Reko wa mtaa, mhamasishaji wetu wa afya, naye hupita kwa miguu, anajitolea bila mshahara, ana picha zake za kufundishia mkononi. Huyo ndiye anayeulizwa katumwa na nani, analipwa na nani, na kwa nini ameanzia kwa jirani.

Tena shangazi simlaumu sana, maana habari za kweli hazirudi kwetu. Munganga akimaliza kutuandika kwenye rejista, mwisho wa mwezi hujumlisha vijiti kwenye fomu ya SNIS, ile ya takwimu za afya za taifa. Fomu inakwenda ofisi ya zoni ya afya, inaingizwa kwenye kompyuta, katika programu ya DHIS2, na hapo mkubwa wa mkoa huko Kindu au wa Kinshasa anaweza kuisoma akiwa kitini. Mimi niliyekwenda kwake nikiharisha nikawa kijiti kimoja, siambiwi tulikuwa wangapi wala maji gani yalituponza. Tumbo langu limefika Kinshasa, mwenyewe sijafika.

Na hii ndiyo Kasongo! Miaka ya 1970, wakati wa Zaire, timu iliyoshirikiana na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ilifuatilia watoto wa hapa, waliochanjwa surua na wasiochanjwa. Mwaka 1981 matokeo yakachapwa katika jarida la Lancet. Hapakuwa na simu mfukoni, palikuwa na kalamu na miguu. Watoto wale sasa ni wazee wenzetu. Niitieni mmoja aliyewahi kuliona hilo jarida.

Basi nyinyi mnaopokea hesabu zetu, zikishapanda zishusheni. Andikeni kwa chaki mbele ya kituo, kwa Kiswahili: mwezi huu surua wangapi, chanjo siku gani. Ubao hauli yunite.