Boti Isiyobeba Dagaa

Ukistaafu Buzuruga, mtaa unakuwa umeshazipangia hela zako matumizi kabla wewe hujaziona. Jirani wa kushoto anataka ununue bajaji, yeye ana kijana wa kuiendesha. Jirani wa kulia anasema kuku wa mayai. Shemeji anapiga simu kutoka Sengerema kukujulia hali, na hajakujulia hali tangu arusi. Halafu kuna wale wataalamu wa kijiweni pale karibu na stendi. Wao wanapiga kikokotoo bila kalamu: mwalimu wa sekondari, miaka thelathini na ushee kazini, mkupuo ulikuwa asilimia 33, bajeti ya 2024 ikaupandisha hadi 40, kwa hiyo Mwalimu atashika kiasi fulani. Wakakitaja. Walipishana na hundi kwa laki mbili. Mimi mwenyewe nilipishana nayo kwa milioni tatu.

Basi sikununua bajaji. Nilinunua boti.

Na si boti ya uvuvi, ndiyo balaa lenyewe. Ingekuwa ya dagaa watu wangenielewa, wangekuja hata kukopa. Yangu ni boti ya tanga, ya faiba, ya kizungu, ya kukaa ndani ukaenda kule halafu ukarudi. Mzungu mmoja alikuwa anahama Mwanza, akaiacha imelala kwenye nyasi upande wa Capri Point, mijusi ya kichwa chekundu inaota jua juu yake. Akaniambia hiyo inaitwa Wayfarer. Aliichora Mwingereza, Ian Proctor, mwaka 1957. Urefu mita 4.82. Za kwanza zilikuwa za mbao, baadaye wakaanza kuzitengeneza kwa faiba. Na mwaka 1963 bwana mmoja, Frank Dye, yeye na mwenzake, walitoka Scotland wakafika Iceland kwa boti ya aina hiyo hiyo. Haina paa, haina mashine, haina choo. Mwaka uliofuata akaenda Norway, dhoruba ikamvunjia mlingoti baharini. Mimi hiyo ya mlingoti sikuisikia vizuri. Nilibaki na Iceland. Nikajisemea, mtu kafika Iceland, mimi Ukerewe itanishinda nini?

Akataja bei. Kabla sijafungua mdomo akaishusha mwenyewe. Nikakaa kimya natafakari, akaishusha tena. Nilimshukuru Mungu kwa kunijalia kipaji cha biashara uzeeni.

Kuileta sasa. Nilikodi kirikuu. Asikwambie mtu, kirikuu na boti ya mita 4.82 ni vitu viwili visivyojuana. Mbele imepanda juu ya kichwa cha dereva, nyuma imening'inia barabarani, tumefunga kitambaa chekundu ambacho mke wangu alikuja kukitambua baadaye kuwa ni kilemba chake. Trafiki akatusimamisha. Akaizunguka boti mara mbili, akaniuliza kama ina bima. Nikamwambia haijaingia majini. Akasema ndiyo maana anauliza, ipo barabarani.

Kufika nyumbani haipiti getini. Tukabomoa ukuta kidogo. Watu wote wa mtaa wakaja kushuhudia, na mahojiano yakaanza.

"Mwalimu, inapakia abiria wangapi?"

"Sita, lakini si wa nauli."

"Inavua?"

"Haivui."

"Inabeba mchanga?"

"Hapana."

"Sasa inafanya nini?"

"Inakwenda na upepo."

"Inakwenda wapi?"

"Inakwenda, halafu inarudi."

Wakanyamaza. Mzee mmoja akanishika bega akaniambia, "Pole sana, Mwalimu." Tangu siku hiyo bodaboda wote wa Buzuruga wanaitumia kuelekeza njia. Nishushe kwenye boti. Ukivuka boti kunja kulia. Na Buzuruga huoni ziwa hata ukipanda juu ya tanki. Unaona mawe na mabati.

Fundi niliyempata ni mtaalamu wa faiba kweli. Anaunga bampa za magari, anaziba matanki. Akaja na bisibisi, akaanza kugonga boti kwa mpini, tok, tok, tok, sikio limelala kwenye ubavu. Akafika mahali pakalia puf. Akatikisa kichwa. Akanionyesha malengelenge chini ya boti, madogo madogo, yamejaa tumbo zima. Akatoboa moja. Kikatoka kimaji kinanuka siki.

"Mwalimu, boti yako ina ugonjwa."

"Ugonjwa gani?"

"Osmosisi."

Jamani. Ananiambia mimi. Mimi niliyefundisha baiolojia maisha yangu yote. Nimekata viazi vingapi? Kiazi kwenye maji ya chumvi kinasinyaa, kiazi kwenye maji matupu kinavimba, chora mchoro, andika hitimisho. Nina wanafunzi leo ni madaktari. Na hapa nimesimama kwenye ua wangu, fundi wa bampa ananielezea kwamba lile ganda la juu la faiba, jelikoti, linapitisha maji pole pole. Maji yakiingia yanakutana na mabaki ya kemikali ambazo hazikuiva vizuri siku boti inaundwa, vinakuwa mchanganyiko mzito, na mchanganyiko mzito unavuta maji mengine kutoka nje. Presha inapanda. Lengelenge. Kisha akamalizia na ile iliyoniua kabisa: maji baridi ya ziwa ni mabaya kuliko ya bahari, kwa sababu hayana chumvi, tofauti ya ndani na nje ni kubwa, yanaingia kwa nguvu zaidi. Nikasema najua. Nilikuwa najua kwa viazi.

Dawa yake? Unalikwangua ganda lote, halafu unaiacha ikauke. Nikauliza kwa siku ngapi. Akacheka. Miezi, Mwalimu. Kipimo chake unabandika kipande cha nailoni kwa gundi pembeni kote, unalala, asubuhi ukikuta matone chini ya nailoni boti bado inatoa jasho. Basi nikawa naamka kabla ya jogoo kwenda kuangalia nailoni. Matone. Kesho matone. Kiangazi chote cha Juni hadi Septemba natazama matone, na ilipoanza kukauka vizuri, vuli ikaingia. Nikanunua turubai. Kuku wakahamia chini ya turubai. Mke wangu akafunga kamba kutoka kwenye boti hadi kwenye mpapai, akaanika nguo. Sikusema kitu. Kwangu nina sauti kwenye mambo mengine.

Wakati huo huo wataalamu wa kijiweni wakapata habari za Lamu. Wakenya wametengeneza jahazi kwa plastiki za kuokota, wakalipamba kwa ndala chakavu zipatazo 30,000, linaitwa Flipflopi. Walilishusha majini mwaka 2018, wakafika nalo Zanzibar mwaka uliofuata, na mwaka 2021 wakalileta huku huku Ziwa Victoria. Kila nikipita kununua vocha: "Mwalimu, ndala zimeshafika ziwani. Wewe?" Na hawakuishia hapo. Wanaziangalia na za kwangu miguuni, wanauliza kama nazo nimezipangia safari.

Ikakauka. Tukaanza kupaka. Rezini inataka hadina kidogo sana, gramu 10 hadi 20 kwa kilo, ndiyo inayoigandisha. Fundi wangu anapima kwa kizibo cha soda. Nikamwambia mimi nina mzani wa maabara, akaniambia mzani haujui kama leo kuna joto. Basi siku hiyo joto lilikuwepo, na vizibo vilikuwa viwili. Ndoo ikaanza kutoa moshi. Kemia ile inajipasha yenyewe, ikiwa nyingi mahali pamoja inachemka, na jua la Mwanza linaichochea. Tukaikimbia. Ilipotulia tulikuta jiwe la rezini limeshikana na ndoo ya mke wangu, ile nzuri ya mfuniko. Mpaka leo linazuia mlango wa stoo usipigwe na upepo. Na vumbi la kusaga faiba usiombe likuingie shingoni, unajikuna mpaka usiku wa manane, mke anakusukumia upande wa ukutani.

Mlingoti ulikuwa wa alumini, mrefu kuliko boti yenyewe, nimeulaza kando ya ukuta. Ule ukuta tulioubomoa. Asubuhi moja haupo. Vyuma chakavu hao. Nikazunguka kwa wafua masufuria nikitazama masufuria mapya usoni, kana kwamba lipo litakaloniamkia shikamoo. Nikaishia kununua mti, nikaupiga randa.

Tanga lilikuwa limeoza mishono, nikalipeleka kwa fundi cherehani anayeshona sare za shule. Sasa tanga la boti ile vipande vyake vinakatwa vimepinda kidogo, ukiviunga linapata tumbo, na hilo tumbo ndilo linalokamata upepo. Hilo nimelijua juzi. Yule bwana aliona kitambaa kimevimba, akaona aliyeshona ni mzembe. Akafumua mishono yote, akanyoosha, akapiga pasi. "Nimekurekebishia, Mwalimu. Hiyo ya kunyoosha sikuchaji." Nikamtoa na soda. Limenyooka kama pazia la ofisi ya mkuu wa shule.

Ofisini kwenye kusajili nako. Kijana ana adabu zake, shikamoo mzee, karibu kiti. Chombo chako ni cha uvuvi, abiria au mizigo? Nikasema hapana. Akauliza hapana ipi. Nikamweleza: cha kupunga upepo. Akaita mwenzake. Mwenzake akauliza, upepo unapungiwa ndani ya ziwa kwa nini, na nje upo bure?

Nyumbani swali lilikuwa hilo hilo, ila huko halikuwa la utani. Huku kwetu watu hawaingii ziwani kutafuta furaha. Wanaingia kutafuta hela, au kwa sababu wanakokwenda hakuna njia nyingine. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama asubuhi, Mwanza imeshakaribia, watu mamia. Mke wangu alikuwa na rafiki yake mle ndani, walisoma pamoja. Huwa hasemi. Nilipoleta boti alisema neno moja tu, kwamba nisimpandishe mtoto wa mtu. Akaninunulia jaketi okozi kwa hela yake ya vitenge, mpya, la rangi ya chungwa, saizi kubwa zaidi iliyokuwepo. Nalivaa. Kuogelea sijui, na umri wa kujifunza mbele ya watoto wa Igombe nimeupita.

Siku ikafika. Igombe, asubuhi mapema. Fundi akasaidia kushusha, nikamwambia apande, akasema kazi yake inaishia nchi kavu. Nikapandisha tanga, na jamani, ikaenda! Upepo uko mgongoni, unanisukuma taratibu, nikawapungia mkono wanawake wanaoanika dagaa, wachache wakanipungia. Nikaona Iceland hii hapa.

Kumbe upepo wa ziwa una zamu zake. Usiku hadi asubuhi unatoka nchi kavu kwenda majini. Mchana ardhi ikishapata moto unageuka, unatoka majini kuja nchi kavu. Wa zamu ya kwanza ukishaondoka, wa pili haujaripoti. Mida ya saa nne hiyo. Nikasimama. Tanga limenyooka, halina hata wazo. Kasia sikubeba, kwani Ian Proctor alichora tanga. Jua likanikalia utosini. Jaketi limenibana shingo. Nikiwatazama wale wanawake wamekuwa wadogo, ila mwavuli wa mke wangu nauona, hautikisiki.

Ukaja mtumbwi wa mashine, vijana wanatoka kwenye dagaa, karabai zao wamezifunga.

"Shikamoo mzee. Mashine imezima?"

"Marahaba. Haina mashine."

Wakatazamana. "Wamekuibia?"

"Haikuwahi kuwa nayo."

Kiongozi wao akakuna kichwa. Akasema kuvuta ni elfu ishirini. Nikamwambia upepo unakuja, ni suala la muda. Akasema sawa mzee, akazima mashine, wakakaa kusubiri na mimi. Wakamenya muhogo. Wakanipa kipande. Tukasubiri wote. Ningekuwa peke yangu ningevumilia, lakini kusubiri upepo mbele ya vijana wanne wanaotafuna muhogo ni mtihani mwingine. Nikasema elfu kumi na tano. Wakafunga kamba.

Tulipogusa mchanga ndipo upepo wa mchana ukaja, mzuri, wa kutosha, ukaangusha mwavuli. Yule kijana hakuuona. Yeye alikuwa anaizunguka boti yangu, anagonga ubavu kwa ngumi, tok, tok, anainama kutazama chini. Akasema faiba hii ni nzima, Mzee, imetengenezwa vizuri sana. Ukitoa huu mti hapa katikati, ukaweka mashine nyuma, inabeba magunia ya dagaa mengi tu. Akataja hela. Haikufika hata ya rezini.

Nikamwambia kwa ukali kidogo kwamba haiuzwi, hii ni boti ya tanga, imefika mpaka Iceland.

Mke wangu alikuwa anakung'uta mchanga kwenye mwavuli. Akamwita pembeni, akamwomba namba ya simu.