Mguu Wangu Umefeli Mtihani

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi ya Tathmini ya Ulemavu,

KUH: UNYAYO WA KULIA WA MKAZI WA LINDI, KIBERA

Natumai hamjambo, hasa nyayoni.

Nawashukuru kwa kunipima na kunikuta mzima, maana sikuwa na habari. Kuna daktari aliyeniambia kwamba ule utando wa chini ya unyayo, unaoshika kisigino, umechakaa kwa kusimama, nami nikamwamini kwa sababu yeye aliubonyeza. Ninyi hamkuhitaji kubonyeza. Mliuliza tu, "Umekujaje?" Nikasema kwa miguu. Mheshimiwa mmoja akatabasamu, akaandika, akaitwa anayefuata.

Hapo ndipo elimu yenu iliponiingia. Aliyefika si mlemavu. Mlemavu ni yule aliyeshindwa kufika, na kwa kuwa hakufika, hana fomu. Si ajabu nchi yetu inazidi kupona! Sensa ya 2009 ilihesabu watu wenye ulemavu kuwa asilimia 3.5 ya Wakenya. Ya 2019 ikakuta 2.2. Shirika la Afya Duniani nalo linasema ni watu 16 katika kila 100 ulimwenguni. Maskini ulimwengu, haujagundua tiba ya kalamu.

Nina lalamiko dogo tu, la ratiba. Mlinipima saa tano asubuhi. Huo mguu wangu hufanya kazi yake saa kumi na nusu alfajiri, ninapoukanyaga chini mara ya kwanza. Maumivu hupanda kama msumari, kutoka kisigino hadi meno. Basi huenda chooni nikiruka kwa mguu mmoja, nimeshika mabati ya jirani, na jirani naye kila siku hupiga kelele akidhani ni mwizi. Nikishatembea kidogo unalegea, unakuwa mguu wa kawaida wa kuwaonyesha waheshimiwa. Jioni unarudi kudai chake.

Mimi ni askari wa lango kule Kilimani. Natoka Lindi kwa miguu, nasimama kutwa, narudi kwa miguu. Kiti hakuna, mwajiri anasema askari aliyekaa ni mgeni. Daktari aliniagiza nipumzishe mguu wiki kadhaa na niubingirishe juu ya chupa ya maji yaliyoganda. Hilo la chupa nimelitimiza. Mwenye duka la soda hunigandishia kwenye friji yake, stima ikiwepo. Hilo la kupumzika nilimfikishia mwajiri, akacheka hadi nikamwonea huruma.

Nakiri kwamba tamaa iliniponza. Nilisikia mwenye kadi ya ulemavu husamehewa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Mshahara wangu haujawahi kukutana na pesa hizo hata njiani. Nikasikia pia habari za kuingiza gari bila ushuru, nikaanza kuwaza nitaliegesha wapi, juu ya mtaro au ndani ya mtaro.

Nikashuka hadi Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa kusaidia wasiojiweza, shilingi 2,000 kwa mwezi. Huko nako wanataka mwenye ulemavu mkali, anayehitaji mtu wa kumlisha, kumpeleka chooni na kumkinga na hatari kila saa. Nimeshindwa kote. Nakula mwenyewe, chakula kikiwepo. Chooni mmeshasikia ninavyokwenda. Na hatari ndiyo kazi yangu: nalipwa kuwakinga wengine nayo. Kati ya mzima wa kusimama kutwa na mgonjwa wa kulishwa kwa kijiko, fomu haina kisanduku, na humo katikati ndimo tunamoishi wengi wetu, akina mama fua, watu wa mjengo na wanaokwenda viwandani Indaa kwa kufuata reli.

Kwa hiyo nawaalika. Njooni Lindi saa kumi na nusu alfajiri, siku yoyote. Gari liacheni juu Makina, mteremke kwa miguu. Vaeni gambuti. Kwenye ubao wa kuvukia mtaro piteni mmoja mmoja, maana umeoza upande wa kushoto. Mkisikia mtu anapigiwa kelele za mwizi, mmefika. Chai ya rangi itakuwepo. Kiti ni kimoja, kwa hiyo mtasimama.

Wenu mzima wa afya, kwa mujibu wa fomu,

Askari wa Lango
Lindi, Kibera