Ushauri kwa Waliohasimiana na Hifadhidata Zao

*Bwana Mshauri, baada ya salamu. Nimewaundia akina mama wa chama kimoja cha soko la Makongeni programu ya michango, kwa Django. Juzi usiku, kwa pupa, niliingia kwenye seva nikaongeza safu ya faini kwa mkono. Sasa kila nikitoa amri ya migrate, najibiwa kwamba safu hiyo ipo tayari, na yote yafuatayo hukwama. — Mkesha Macho, Makongeni, Thika.*

Mwanangu, usiilaumu Django, iliyozaliwa katika ofisi za gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, kwani watu wa magazeti, nami ni mmoja wao, hawasadiki jambo mpaka liandikwe. Iwapo yataka kujua lipi limetendeka na lipi bado, hailitazami jedwali lako la wanachama hata kidogo, bali hufunua daftari lake, nalo ni jedwali dogo liitwalo django_migrations, ambamo kila maigresheni iliyokwisha kutekelezwa huandikwa jina lake na saa yake. Na madhali wewe uliitia safu ya faini kwa siri, pasipo daftari kuwa na habari, haina budi kujaribu kuitia tena, ikagonga mwamba.

Kabla ya yote, chukua nakala ya hifadhidata nzima, uiweke mbali na seva hiyo hiyo. Halafu toa amri ya showmigrations, uione ile isiyo na alama ya X, ufungue faili lake ulisome neno kwa neno: aina ya safu ni ile ile? Yaruhusiwa kuwa tupu, au hairuhusiwi? Kama vyote vimeafikiana, na faili halina kazi nyingine ndani yake, ndipo utoe amri ya migrate kwa --fake, ukiitaja maigresheni hiyo kwa namba yake. Maana ukiacha kuitaja, Django itazishuhudia zote zilizobaki kuwa zimetendeka, ilhali hazikutendeka, na ushahidi wa uongo daftarini ni taabu ya miezi. Kama havikuafikiana, na akina mama hawajatozwa faini bado, iondoe safu yako, uiache maigresheni ifanye kazi yake kwa njia ya halali.

*Mshauri, mimi niko Ruiru, mwenzangu yuko Makongeni. Kila mmoja ameandika maigresheni namba 0007, na Django imekataa kumfuata yeyote. — Wabia Wawili.*

Toeni amri ya makemigrations --merge, mpate 0008 inayowatambua nyote. Lakini ikiwa nyote wawili mmeigusa safu moja, kila mtu kwa nia yake, amri hiyo haitawasuluhisha. Pandeni matatu mkutane, maana nauli ya Ruiru hadi Thika si mali ya kugombaniwa.

*Mshauri mpendwa, namba za simu tulizihifadhi kama namba kamili. Nimeigeuza safu kuwa ya maandishi, maigresheni ikapita salama, lakini sifuri za mwanzo zimetoweka! — Bibie wa Kiganjo.*

Hazikutoweka leo, bibie. Zilitoweka siku ile ya kwanza mlipoamua kwamba namba ya simu ni hesabu, ilhali hakuna mtu aliyepata kuzijumlisha simu mbili. Kuibadili aina ya safu hakurudishi kisichokuwemo. Andika maigresheni ya pili, hii ya data, kwa RunPython, itakayoipa sifuri kila namba yenye tarakimu 9, wala usiwachague wanaoanzia 7 peke yao, kwa kuwa tangu 2019 wako wenye namba za 01, na hao hawatakusamehe ujumbe wa mkopo ukiwapita. Andika pia kazi ya kurudi nyuma, uijaribu kwenye nakala, kisha uitekeleze usiku, akina mama wamelala na hakuna anayetuma mchango.