Vumbi la Kisesa Halijasomewa Kanuni

Watu wa Kisesa, Mwanza, wana ulimi mbaya. Eti serikali haijali hewa! Hewa ina sheria tangu 2004, ikaongezewa Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa mwaka 2007. Tatizo ni vumbi, ambalo halijasomewa. Kila kiangazi linapanda kutoka barabara za mitaani, linaungana na moshi wa taka zinazochomwa, kisha vyote viwili vinaingia sebuleni bila hodi.

Na msidhani wakubwa hawaujui moshi. Kwenye ukanda huu wa pamba mkulima huagizwa ang'oe masalia na kuyachoma ifikapo katikati ya Septemba, wadudu wasivuke msimu. Agizo la maana kabisa. Kwa hiyo mdudu wa pamba kapangiwa tarehe. Mapafu ya mwenye shamba yanasubiri bajeti.

Vumbi la tamasha la ngoma la Bulabo, pale Bujora, hatulilalamikii. Wagika na Wagalu, mahasimu wa ngoma za Kisukuma, wakicheza mwezi Juni, angalau tunajua nani kalitimua, na tunampigia makofi. Hili la barabarani halina mwenyewe, mpaka utangazwe msafara wa mgeni rasmi: hapo boza la maji hupatikana siku hiyohiyo, tena limejaa.