Msiuze Njia ya Mto

Tss! Jamani, nani tena anauza parseli kwenye mdomo wa mto? Vigingi vimepigwa, kamba zimefungwa, na baba mmoja aliyetoka Uvira anapima kwa hatua mahali atakapoweka chumba cha watoto. Roho imeniuma.

Tuseme ukweli, wazee wangu. Huku Makobola nchi ni nyembamba: milima ya Mitumba mgongoni, ziwa mbele, barabara ya Baraka katikati. Penye tambarare kila mtu anapatamani, na tambarare hiyo imeletwa na mto wenyewe. Chimba kidogo tu: mchanga, kokoto, mawe ya mviringo. Yalishuka na maji, na mengine yatashuka.

Uvira tuliona. Aprili 2020 mto Mulongwe ulivunja kingo zake, makumi ya watu wakafa, maelfu ya nyumba zikabomoka. Mei 2025 ikawa zamu ya Kasaba, teritwari hii hii ya Fizi: mto ulifurika usiku, watu wamelala, tukazika zaidi ya 100. Zaidi ya 100, katika kijiji kimoja!

Na ziwa je? Tanganyika inapokea Rusizi na mito yote hii, lakini mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, kule Kalemie. Mvua zikizidi miaka mfululizo, maji yanapanda. Yalipanda miaka ya 1960, yakapanda tena juzi juzi, yakaingia majumbani Kavimvira na Kilomoni, kule Uvira. Aliyenunua ufukweni ziwa likiwa limerudi nyuma, alinunua sehemu ya ziwa.

Mtaniambia: maskini aende wapi? Kweli. Mtu amekimbia bunduki, ana watoto, ana dola chache, na mlimani hakuna maji. Mimi mnunuzi simlaumu. Namlaumu anayeuza huku akijua, na anayempigia muhuri. Tangu sheria ya Julai 1973, udongo wa Kongo ni mali ya Serikali. Basi Serikali ije iseme wapi pajengwe, ipime viwanja juu kidogo, ivute bomba mpaka huko.

Wewe unayetafuta parseli, usije kuiangalia kiangazi. Njoo mvua ikinyesha. Muulize bibi aliyezaliwa hapa maji yalifika wapi mwaka wa mafuriko mabaya, na kama shemeji yako ndiye muuzaji, muulize bibi hivyo hivyo.

Na nyinyi mashefu wetu, kwenye midomo ya mito pandeni matete na michikichi. Msimwandikie mtu karatasi ya nyumba pale.